Kidole Kilichosikia

Siku moja haijanitoka masikioni mpaka leo, mwanangu, na sasa nataka uibebe wewe, maana Jumapili nilikuona. Ulikuwa umeinama juu ya motere ya ile pikapu, hapo nje ya nyumba yangu ya mtaa wa Panda, unapeleka kidole kwenye bomba la mazutu, hiyo dizeli, ili ujue linavujia wapi. Nilikupigia kelele mimi bibi yako, ukacheka. Ukasema, "Nkambo, ni mafuta tu." Haya, kaa chini. Umeanza kazi ya garaji mwaka huu, una kile kikompyuta kinachosoma ugonjwa wa gari, nami shule niliiacha kabla ya kujua kugawanya. Sitakufundisha motere. Nataka mkono wako ubaki mzima, basi.

Unamjua yaya wangu Kalenga. Yaya ndivyo tunavyomwita ndugu aliyetutangulia kuzaliwa. Unajua mkono wake wa kulia una vidole vitatu. Nyinyi wajukuu mlikuwa mnasema aliliwa na mamba wa Lufira, naye akawaacha mseme. Hakuna mamba. Kilichomla hakina meno, na kiliingia bila kubisha hodi.

Wakati huo mimi ni msichana wa kutumwa. Kila adhuhuri mama alinipa sahani ya bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, nimpelekee Kalenga kazini kwenye garaji ya Papa Mutombo, nyuma ya kambi ya wafanyakazi. Papa Mutombo alikuwa mtu wa Kasai. Baba yake aliletwa Katanga kuchimba shaba, mwana akapenda motere. Mtu mfupi, mwenye sauti kubwa na masikio yaliyosimama kama milango ambayo hakuna aliyekumbuka kuifunga. Hakufungua kitu kabla ya kukisikiliza. Watu walileta gari huku wakimwamrisha, badilisha hiki, toa kile, naye anainua mkono, anafumba macho. "Wacha iongee kwanza," anasema. "Mugonjwa haanze kupasuliwa mbele ya kuulizwa."

Mwezi wa saba, ule wa baridi, wakati upepo unaokota vumbi jeusi kwenye kilima cha masalio ya shaba na kulileta mpaka ndani ya vikombe vyetu, Mama Tshala alileta kamio lake. Mama Tshala alikuwa mchuuzi wa mahindi na makaa. Alisomba kutoka Kapolowe na mashamba ya upande wa Koni, na lori lile watu wote wa Panda waliliita Kosa-Moja. Motere yake ilikuwa ya vifua sita, silinda mnavyosema nyinyi. Ukisimama karibu ulisikia mapigo matano, halafu pengo. Matano, halafu pengo. Sikio linangoja la sita, la sita haliji. Ukilisikiliza muda mrefu, moyo wako mwenyewe unaanza kuruka pigo moja.

Na pengo lile lilikuwa na kisa chake. Dereva wake wa kwanza alisimamisha lori Lufira, upande wa Koni, akashuka kunawa uso. Hakurudi. Waliona viatu vyake ukingoni, vimepangwa vizuri pamoja, kama vya mtu aliyeingia ndani kulala. Mwili haukuonekana. Tangu hapo, lori likianza kupanda kile kilima cha kutoka mtoni, pengo linazidi, motere inakohoa, moshi mweupe unatoka, nusura izime. Wanawake waliokaa juu ya magunia walikuwa na desturi ya kuhesabiana wakifika pale. Mama Kapinga, jirani yetu, aliapa kwamba safari moja walihesabu wakamkuta mmoja amezidi. Wakahesabu tena, wakawa sawa. Hakuna aliyetaka kuhesabu mara ya tatu.

Mimi sisemi alidanganya, wala sisemi alisema kweli. Mtu aliyechoka juu ya magunia anaweza kujihesabu mara mbili. Lakini nilikuwa nikilisikia lori lile likipita mbele ya nyumba yetu mchana kweupe, na kuku wakinyamaza.

Siku ile nilifika na sahani yangu nikakuta watu wamejaa kwenye uzio wa garaji. Kila mmoja alitaka kuona Papa Mutombo atalifanya nini lori lile. Yeye yuko ndani ya kabini, mguu juu ya mafuta. Kalenga yuko mbele, boneti imefunguliwa, ana ufunguo wa bomba mkononi. Kila kifua cha motere kina enjekteri yake, kile kidude kinachopulizia mazutu ndani, na kila enjekteri ina bomba lake dogo. Kumtafuta mgonjwa, waliregeza bomba moja baada ya jingine, motere ikiwa inanguruma. Ukiregeza la kifua kizima, motere inasikitika, sauti inashuka. Ukiregeza la kifua kilichokufa, haijali.

"Regeza ya kwanza! Sikia!" Papa Mutombo alipiga kelele.

"Inashuka, Papa!"

"Kaza! Ya pili! Sikia!"

"Inashuka!"

"Ya tatu!"

Kalenga aliregeza la tatu. Nilikuwa karibu kuliko wote na sahani yangu. Mazutu yalitoka kwenye uzi wa nati, yakalowesha kitambaa, na motere ikaendelea vilevile, matano na pengo, matano na pengo. Ukimnyamazisha mtu na nyumba isijue, mwanangu, ujue alikuwa amenyamaza zamani. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

"Haibadilike, Papa," yaya alisema.

"Basi ile njo mufu."

Ndivyo mafundi wanavyosema. Kifua kisichofanya kazi wanakiita mfu. Lakini uzio mzima ulisikia kingine.

"Mama yangu! Munasikia? Papa Mutombo mwenyewe anasema mufu eko mu motere!"

"Minye nilisema tangu zamani," alidakia Mama Kapinga.

"Weye ulisema? Juzi si ulipanda juu yake na kuku wako?"

"Kuku ilikuwa ya kuuza. Minye sikuongea na mufu, na yeye hakuongea na minye."

Walicheka, lakini wakaondoka. Mmoja mmoja, kwa haraka ya mtu anayejifanya hana haraka. Neno likatangulia kufika kambini kabla ya sahani yangu kupoa.

Papa Mutombo alizima motere. Wakaitoa ile enjekteri ya tatu, wakaifunga tena kwenye bomba lake ikiwa nje, mdomo umeelekea ukutani, ili waone inapulizaje. Nzima inatoa ukungu kama pumzi ya mtu asubuhi ya baridi, na inakoroma, kro-kro, kama chura. Mbovu inatoa uzi mwembamba, au inatema mate. Papa Mutombo akapanda kabini tena kuzungusha motere kwa stata. Kutoka pale haoni mbele, boneti imemziba. Akapiga kelele:

"Kalenga! Sikia kama inatoa!"

Hapo ndipo pa kuangalia, mwanangu. Neno letu hili, kusikia. Unasikia kengele ya misa. Unasikia njaa. Unasikia baridi, unasikia pilipili, unasikia mkono wa mtu begani. Sikio linasikia na ngozi inasikia, na lugha yetu haikuona haja ya kuvitenganisha. Papa Mutombo alitaka ukoromo. Yeye alidhani kila mtu anakwenda duniani akitanguliza masikio. Na yaya wangu, kijana wa kupenda kushika, akaweka kidole mbele ya mdomo wa enjekteri ili asikie.

Stata ilizunguka. Kalenga alitoa mkono, akautazama, akacheka.

"Inatoa, Papa! Imeniuma kama sisimizi!"

Papa Mutombo hakusikia vizuri, stata ilikuwa bado inalia. Alisikia tu "inatoa". Akashuka, akaenda nyuma ya lori kutazama tangi.

Nami nilikitazama kile kidole. Palikuwa na nukta. Nukta ya kalamu, si zaidi. Damu hakuna. Akajifuta kwenye suruali, akanawa, akakaa kula. Akachukua tonge kwa mkono wa kushoto.

Nilikasirika. Kwetu hakuna mtu anayefanya hivyo, hata mtoto. "Yaya, juu ya nini unakula na ule mukono?"

"Huu mwingine unasikia baridi," akanijibu, tena kwa sauti ya kawaida kabisa. Akauinua. Kidole cha shahada kilikuwa cheupe kama cha mtu aliyefua kutwa nzima, na cha kati kinaanza kumfuata. Nilikigusa. Mwanangu, nimegusa maiti nyingi tangu wakati ule, nimewaosha mama yangu na shangazi zangu, lakini ubaridi wa kwanza wa namna ile niliugusa kwenye mkono wa mtu hai anayetafuna sombe.

Nilimshika nguo, nikamvuta mpaka nyumbani kwa mama, bila kumuaga Papa Mutombo. Na nyumbani, mjomba wetu Ngoie alikuwa ameshafika. Alikuwa na habari ya mufu mu motere kabla yetu. Akaona mkono, akaona hakuna jeraha, hakuna damu, na kidole kimekufa. Ungefikiri nini wewe? Mjomba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na hofu ikikosa kazi inajitafutia. Akasema yule dereva wa Lufira amemshika Kalenga mkono, anataka kumvuta. Akaufunga kwa kitambaa cheupe chenye chumvi. Akasema mtu aliyeshikwa na mfu wa maji asivuke barabara mpaka jua lizame, asije akamwonyesha njia ya kwetu. Akaegemea mlango kwa mgongo wake.

Tulikaa. Jua lilikuwa juu ya bati, nyumba ina mwanga wote, na bado ilikuwa kama tumo ndani ya kisima. Kalenga aliacha kucheka. Mkono ulianza kuvimba, kitambaa kikawa kinambana, na maumivu yakaja yote kwa pamoja, kana kwamba yalikuwa yanangoja mlango ufungwe. Na huko nje, mbali, Papa Mutombo alikuwa ameiwasha tena motere kuijaribu. Matano na pengo. Kila lilipofika pengo, Kalenga alishtuka.

"Kile kimya," alisema, "nakisikia mu kidole."

Mama alikuwa ameuweka ule mkono mapajani. Alifungua kitambaa, akaunawisha kwa sabuni ya kufulia, akaunusa. Akaunawisha tena, akaunusa tena. Mjomba akamwambia aache kuchezea mambo ya wafu.

Jua lilikuwa limeanza kuinama mlango ulipopigwa kwa ngumi. Papa Mutombo. Mtu alikuwa amemwambia njiani kwamba fundi wake ameumwa na mufu, akaja mbio na grisi mpaka kwenye viwiko. Mjomba alifungua kidogo tu.

"Kalenga! Uliweka mukono wapi?"

"Mbele ya enjekteri, Papa."

"Juu ya nini?"

"Ulisema nisikie."

"Nilisema usikie!"

"Minye nilisikia, Papa."

Walitazamana. Nilimwona yule mzee akilirudia neno lake mwenyewe kwa midomo bila sauti, mara moja, mbili, kisha uso wake ukawa kama majivu. Hakumfokea tena. Akamgeukia mjomba.

"Ngoie, toka mu mulango. Mazutu imeingia mu mukono wake. Ile presha inatoboa kama sindano. Tumupeleke ku hospitali sasa hivi."

"Mutoto havuke barabara. Weye mwenyewe ulisema mufu eko mule ndani."

"Mufu ni enjekteri, Ngoie! Enjekteri!"

"Basi damu iko wapi? Onyesha damu."

Hapo mama akasimama. Mama yangu alikuwa mtu wa maneno machache, na kaka yake hakuzoea kujibiwa naye.

"Ngoie, kaka yangu. Nimenawisha huu mukono na sabuni mpaka sabuni imeisha. Bado unanuka mazutu, na harufu inatoka ndani. Mufu wa mu mayi angenuka matope. Toka."

Mjomba akatoka mlangoni. Sijui kama alisadiki. Nadhani aliona aibu ya kubishana na pua ya mama.

Gari la kutupeleka lilikuwa moja tu kambini, na lilikuwa ni lilelile. Papa Mutombo alikuwa ameirudisha ile enjekteri mbovu mahali pake, basi akalikimbilia, na Kosa-Moja likasimama mbele ya nyumba yetu likinguruma. Majirani wote nje, hakuna aliyekaribia. Mama alipanda kabini na mwanawe. Mimi nilipanda nyuma peke yangu, juu ya magunia matupu. Mtu asikudanganye kwamba sikuogopa. Tuliteremka kuelekea mjini Likasi, pengo likipiga chini ya miguu yangu, na katikati ya njia nikajikuta ninahesabu watu. Mama, yaya, Papa Mutombo, mimi. Nikahesabu tena. Nikajilazimisha kuacha. Upande wangu wa kushoto palikuwa na ubaridi, na sikugeuka kutazama. Mpaka leo sijui ningeona nini, wala sitaki.

Hospitalini daktari alitazama ile nukta, hakuuliza maswali mengi. Akapasua. Nilikuwa kwenye korido, mlango haukufungwa vizuri, na harufu ya mazutu ikatoka mpaka nilipokaa. Ilitoka ndani ya mwili wa ndugu yangu, mwanangu, kama vile mtu amefungua tangi. Walisafisha, wakapasua tena juu zaidi, wakasafisha. Kiganja walikiokoa. Kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vimekwisha. Daktari akamwambia mama maneno ambayo mama hakumrudishia mjomba hata siku moja, ila mimi niliyasikia: angekuja jua likiwa bado juu ya kichwa, labda angeondoka na vidole vyote.

Ulikuwa ni ule muda wa kitambaa na chumvi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi hatukuficha, tuliyapa jina lisilo lake, na yakanona.

Papa Mutombo aliifungua enjekteri ile akakuta mdomo wake umezibwa na kutu, tundu moja tu limebaki wazi. Akamwaga tangi, chini kukawa na maji na tope jekundu. Lori likipanda kilima cha Lufira, tope lote linakimbilia bomba la kutolea mafuta. Basi, siri ya kilima ikaisha. Akasafisha, akafunga enjekteri nyingine, na Kosa-Moja likapiga mapigo sita. Wanawake wa magunia waliendelea kuhesabiana pale kilimani vilevile. Sikuwalaumu.

Na tangu siku ile katika garaji yake ilikatazwa kusema "sikia". Ukilisema, unatoka nje, uwe fundi, uwe mteja. Walisema "tega sikio" au walisema "gusa", na kugusa kulikuwa na ruhusa yake. Kalenga alirudi kazini na vidole vitatu, akawa fundi mkubwa, na kwake pia neno lile halikuingia. Garaji yako wewe nimepita nje yake. Mnalisema siku nzima.

Sasa nikuambie la Jumapili. Kabla hujafika na ile pikapu, Kalenga alikuwa amekaa hapa kwangu, tunakunywa munkoyo. Barabara ilikuwa kimya. Ghafla akaweka kikombe chini, akaukumbatia mkono wake wa kulia. Akasema, "Kidole kimepata baridi." Nikamuuliza, kipi? Akanionyesha pale pasipo na kitu. Tukakaa. Tulihesabu pumzi zetu, hakuna gari, hakuna sauti. Halafu, mbali, upande wa reli, nikaanza kuisikia, ikija polepole. Matatu na pengo. Matatu na pengo. Ikakata kona, na aliyekuwa kwenye usukani ni wewe.

Mimi si mtu wa kuogopa upepo. Nakuambia nilichokiona, kazi ya kukieleza nakuachia.

Basi tega sikio. Motere ikiruka pigo, iache iongee kabla hujaifungua, na usiseme imerogwa wala usiseme imepona mpaka umempata anayenyamaza. Ile njia yetu ya kuregeza bomba motere ikinguruma, usiithubutu kwenye gari za leo. Kalenga mwenyewe amesema nikuambie: presha ya zamani ilitoboa kidole, ya sasa itapita upande wa pili. Zima, ngoja, ndipo ushike. Bomba likivuja, litafute kwa kipande cha boksi, boksi halina mama wa kulililia. Ukitoboka, hata nukta, hata kama haiumi, hata kama wenzako wanacheka, nenda hospitali na useme neno hilohilo, mazutu yameingia kwa presha. Jeraha linalotoa damu linakuita lenyewe. Lile kavu ndilo la kukimbia nalo. Na wewe ukiwa mkubwa, una watu chini yako, ukimtuma mtu neno, hakikisha neno ulilolituma ndilo lililofika. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Yaya wangu alisikia la mkuu, akalitii, na bado akakatwa.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulizie masikio mbele ya mikono. Kila unachokifungua kikupe siri yake bila kuchukua chako, na kazi yako ikulishe kwa mkono wa kulia mpaka uzee. Siku mtakaponishusha kwenye udongo wa Likasi, simama ukingoni, uchote, unitupie kwa vidole vyote kumi. Nitavisikia.